Upande wa Nyuma wa Shuka

Wajukuu zangu huniuliza kama nilimsamehe shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Nawajibu kwamba nilimpikia, nikamfulia, na alipougua nikamwuguza, na hayo yanamtosha. Kusamehe ni habari nyingine. Alininyang'anya mkeka wangu nikiwa nimeukalia, mbele ya Garsen nzima, siku ya sinema.

Miaka hiyo ya hamsini sinema ilitujia kwa gari. Kiangazi, barabara ikishakauka, lori la serikali lilivuka mto kwa kivuko na kusimama kwenye uwanja karibu na soko. Wakishuka dereva na mkalimani wake, walisimika miti miwili, wakafunga shuka jeupe katikati, na baada ya sala ya magharibi injini ikaanza kunguruma. Kwanza tulionyeshwa mambo ya serikali: namna ya kuchimba choo, namna ya kupanda mpunga kwa mistari, mtoto anayeoga kwa sabuni kana kwamba wa kwetu hawakuwahi kuoga. Tuliyavumilia hayo kwa ajili ya yaliyofuata. Mwishoni alikuja mpanda farasi.

Nilikuwa mke mpya, nimeletwa kutoka Kinakomba, na sikuwa nimewahi kuona picha ikitembea. Mwaka wangu wa kwanza tulikaa vyovyote, wake kwa waume, nami nikawa mbele kabisa. Yule mpanda farasi alikuwa na shati jeusi, na kabla ya kupanda alimvulia kofia bibi kizee aliyesimama mlangoni, kwa mkono wa kulia, polepole, kisha akaruka juu ya farasi kama mtu anayeruka mfereji. Nilimpenda. Nasema bila aibu, kwa sababu mume wangu alijua, akawa ananitania kila nikikawia jikoni: "Leo wamngoja yule wako?" Mwaka mzima nilikuwa napepeta mpunga huku nikimwona akivua kofia.

Kwa hiyo gari liliporudi, nilijiandaa. Nilipika mapema, nikaoga, nikachukua mkeka wangu mwenyewe, niliousuka kwa mikono yangu kabla ya kuolewa, wenye mistari myekundu, nikaenda kuutandika mbele kabla jua halijazama.

Shemeji yangu alikuwa amepewa na chifu kazi ya kupanga watu barazani, na tangu apewe fimbo ya kazi hiyo hakuwa na raha mpaka ampange mtu. Alikuja akasimama juu yangu.

"Wake wanakaa nyuma ya shuka mwaka huu," akasema. "Mke wa ndugu yangu hatatazamwa na kila mfugaji aliyekuja kunywesha ng'ombe."

"Shemeji, nimefika mapema," nikamwambia. "Naomba nikae hapa pembeni."

Aliinama, akashika ncha ya mkeka, akauvuta. Nilianguka kwa viganja na magoti, kanga ikaniteleza kichwani, na watu wakacheka. Walicheka wake kwa waume, na wengine niliwapikia harusini. Yeye akautandika mkeka palepale nilipokuwa nimekaa, akaukalia, akaweka fimbo mapajani. Nilienda nyuma na vumbi kwenye magoti. Mume wangu aliniambia, "Usimjibu kaka." Sikumjibu. Nilimwekea tu moyoni.

Shuka lilikuwa jepesi, picha ikapenya hadi upande wetu, ingawa kwa ukungu kidogo. Wenzangu waliridhika haraka. Mimi nilimngoja wangu, na alipofika mlangoni kwa bibi kizee, akavua kofia kwa mkono wa kushoto.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu huyohuyo, mlango uleule, bibi kizee yuleyule. Asubuhi nilianika kanga kwenye kamba, nikazunguka upande wa pili, nikaona maandishi yake yanakwenda kinyume, na hapo nikaelewa. Anayekaa nyuma ya shuka huona kulia kuwa kushoto. Wenzangu hawakuwa wamemkariri yule mtu kama mimi, na walipoona Wazungu wanakula na kusalimiana kwa kushoto, walisema tu kwamba Wazungu hawakufunzwa. Nikanyamaza. Sikujua bado nitaitumia vipi elimu ile, ila sikuona sababu ya kuigawa bure.

Siku chache baadaye walikuja watu wa kupiga picha za sinema, wakamtaka mkulima wa kandokando ya mto aonyeshe mpunga uliopandwa kwa mistari. Shamba lililochaguliwa lilikuwa la jirani, lakini aliyejitokeza kwa kanzu safi alikuwa shemeji yangu. Walimpiga picha akivuna, wakampiga akimpa mkono bwana shamba, na mwisho wakampiga wamekaa wawili kwenye sinia moja la wali na samaki. Wali ule niliupika mimi. Niliona kwa macho yangu akila kwa mkono wa kulia, taratibu, amejikaza kama bwana harusi.

Kiangazi kilichofuata alitangaza msikitini, sokoni na kivukoni kwamba yumo ndani ya sinema. Jioni ile alikaa mbele kabisa, juu ya mkeka wangu. Sisi tulikuwa nyuma ya shuka, wake wa mjini na wake wa wafugaji waliokuja kuuza maziwa, tumebanana. Akatokea, mkubwa kuliko nyumba yake. Akampa bwana shamba mkono wa kushoto. Akakaa mbele ya sinia, akakunja mkono wa kanzu, akatia mkono wa kushoto ndani ya wali.

Nyuma pale wanawake wakatazamana. Kisha mwanamke mmoja wa maziwa akaniuliza taratibu, "Huyu mzee nakula na mkono ya choo?"

Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha, na kanga yangu ingekuwa ushahidi. Nilisema, "Ndiye shemeji yangu huyo," nikainamisha kichwa kama mtu mwenye aibu ya ukoo wake.

Gari lilipanda kwenda Hola na Chewele, likakaa wiki tatu kabla ya kurudi, na wiki tatu zilitosha. Wake waliwaambia waume zao, waume wakaapa kwamba ni kulia, wake wakaapa kwamba ni kushoto, kila nyumba ikawa na mahakama yake. Habari ilifika hadi kijiji cha Hewani kwa wanawake waliokwenda msibani, na waliokwenda msibani niliwasindikiza mimi hadi mtoni, nikawakumbusha. Watoto wa chuo cha Kurani walimpita shemeji yangu wakikuna vichwa kwa mkono wa kushoto. Alialikwa kwenye ndoa, wakamtengea sahani yake peke yake. Nilifurahi. Nilikuwa nikipika huku nacheka peke yangu, na wali ukanishika chini mara mbili.

Gari lilipotangazwa kurudi, alikuja uani kwangu. Alisimama mlangoni bila fimbo.

"Shemeji," akasema, "waambie wenzio. Mimi pale nilikula kwa kulia. Wewe ulikuwapo ukipakua."

"Wanaamini walichokiona. Sasa mimi nibishane na macho ya watu?"

"Basi waje mbele waone vizuri. Wanaume watakaa nyuma, siku hii moja."

"Hawatakuja kukaa mchangani," nikamwambia. "Na mkeka wangu uko kwako."

Aliondoka. Jioni ile, mbele ya watu walewale waliocheka, shemeji yangu alikuja na mkeka wenye mistari myekundu kwapani, akautandika mbele ya shuka, akaunyoosha ncha zake kwa mkono, akaniambia, "Karibu." Nilikaa katikati. Wanawake wakajaa nyuma yangu hadi karibu na gari, nao wanaume wakazunguka upande wa pili wakinung'unika.

Akatokea, akala kwa kulia. Wanawake wakaguna. Hapo kelele ikazuka nyuma ya shuka, vicheko na mtu akipiga kelele kwamba ni kweli, wallahi yuwala kwa kushoto. Mkalimani ikambidi asimamishe injini aeleze kwa kipaza sauti kwamba ni shuka linalogeuza, kwamba mzee hana kosa. Watu wakaona mantiki yake. Shemeji yangu akatakasika palepale, akavuta pumzi, na fimbo sijui aliipata wapi, mara nikamwona nayo mkononi.

"Mmekwisha kuona," akatuambia. "Sasa rudini nyuma, wanaume waje."

Mpanda farasi alikuwa bado kuonyeshwa. Hakuna mwanamke aliyeinuka, na wote wakanitazama mimi. Magoti yakanikumbusha lile vumbi.

"Twaweza kurudi, shemeji," nikasema kwa sauti ya kufika mbali. "Lakini tukirudi nyuma, mwaka ujao tutakuona tena unavyokula."

Alisimama. Aliiteremsha fimbo. Kisha akazunguka shuka akaenda kukaa na wenzake, na mwanga ukarudi, na mtu wangu akamvulia kofia bibi kizee kwa mkono wa kulia, polepole, vilevile nilivyomwacha. Nililia kidogo, kwa furaha na kwa hasira, sikujua ipi imetangulia.

Maelezo ya mkalimani hayakufika Hewani. Hakuna aliyeyapeleka, na mimi sikuwa na safari.

Shemeji yangu aliishi miaka mingi, na mwishoni alikuwa akila kwangu kila siku. Kila nilipomwekea sahani, kabla hajasema bismillahi, aliuweka mkono wa kushoto chini ya paja akaukalia mpaka amalize. Sikuwahi kumwambia auachilie.