Mwendo wa Papa Ezéchiel

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa ya sekunde ishirini na mbili, na tangu ilipooneshwa sina uso wa kumtazama Papa Ezéchiel.

Mimi ni Évariste, fundi cherehani, mtu wa Uvira, kule Kongo. Duka langu liko Kensington, huku Afrika Kusini, kwenye barabara kuu, na Papa Ezéchiel, mzee wa kwetu, ndiye mlinzi wa maduka yetu. Kutwa nzima hupita huku na huko mbele ya dirisha langu. Mguu wake wa kulia haukunjiki. Mwaka 2015, wageni walipokuwa wakipigwa na maduka yao kuvunjwa, yeye alisimama mlangoni kwangu akakataa kuondoka, wavamizi wakampiga rungu gotini. Mimi nilikuwa ndani, chini ya meza ya kukatia nguo. Nasema ukweli: chini ya meza, nimeziba masikio.

Miaka miwili baadaye kanisa letu likatafuta kitu cha kuwafurahisha watoto siku yao, nami nikajitia kimbelembele. Binti yangu Murielle alikuwa amenionesha programu ya simu inayounganisha picha moja moja mpaka mchoro unaonekana kutembea. Nikaona hiyo ni kazi ya fundi hasa. Nikachora mzee kwenye karatasi ngumu ya khaki, nikamkata vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono, mapaja, miguu. Penye maungio nikapitisha uzi na kupiga fundo kwa nyuma, kila kiungo kikazunguka vizuri. Nikamlaza juu ya meza ileile, simu nikaifunga kwenye ubao juu yake isitikisike. Unapiga picha, unasogeza mguu kiasi cha punje ya mchele, unapiga tena. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja, na ukiigonga meza kwa goti unaanza upya.

Mara ya kwanza mzee wangu hakutembea. Aliteleza kama kipande cha sabuni kwenye sakafu yenye maji. Murielle alicheka, akaniambia kwa Kiingereza chake nimtazame mtu halisi anavyotembea. Nilikubali upesi, maana sijawahi kukata kitambaa bila kupima mwili. Na mwili uliokuwa ukipita dirishani kwangu kutwa ulikuwa mmoja tu. Nikakaa nyuma ya cherehani nikimpima kwa macho: mguu wa kushoto unakanyaga, bega linashuka, wa kulia unazungushwa kwa nje, kichwa kinainuka. Jioni mwendo nilikuwa nimeupata. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Tena nilijua ninachokifanya. Ndiyo maana nikambandika mzee ndevu, nikamvika kofia nyekundu na koti refu, nikamwita Mzee Mchelewaji, anayefika kanisani wenzake wakitoka. Maisha yangu yote ni nguo, basi nikadhani nguo zinatosha kumficha mtu.

Siku ya watoto katuni ikaoneshwa kwenye ukuta wa kanisa. Mzee hajafika hata hatua ya tatu, mtoto mmoja akapiga kelele: "Papa Ezéchiel!" Watu wakavunjika mbavu. Watoto wakasimama wakaanza kumwiga, na Murielle wangu akiwa mbele yao. Papa Ezéchiel alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, amevaa suti niliyomshonea mimi. Alitabasamu.

Jumatatu alikuja na kreti la soda, akaligeuza, akaketi karibu na robot, pale magari yanaposubiri taa. Akalinda akiwa ameketi. Jumanne vilevile. Wiki ikaisha hajapita mbele ya dirisha langu hata mara moja, nami kila nikiinua kichwa naona kioo kitupu.

Jumamosi nikamwendea, simu mkononi.

"Papa Ezéchiel, nimekukosea. Ni wewe niliyekuiga. Na mguu wenyewe uliumia kwa ajili yangu."

"Lete nione," akasema.

Akatazama mpaka mwisho, akarudia tena.

"Eish, fundi. Sasa miye niko natembea hivi?" Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Sikujua. Mama watoto hakuniambia hata siku moja."

"Nitaifuta, Papa. Nitatengeneza nyingine, ya mtu aliyeziba mlango wa mwenzake. Nitawaonesha watoto walewale. Lakini inabidi nikuone ukitembea tena, niitengeneze kwa heshima."

Akanirudishia simu, akajiweka sawa juu ya kreti.

"Umutengeneze akikaa," akasema. "Ni rahisi kwa mutu anayeanza."

Nikarudi dukani, nikamlaza mzee mezani, nikajaribu. Mtu aliyeketi hahitaji picha kumi na mbili kwa sekunde. Moja inatosha.