Kusoma Kioo cha Gari la Umeme

Mzee aliyekuwa dereva wa ofisi yetu alikuwa ameendesha jeep ile ya mazuti, yaani dizeli, kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa mimi kwenye kiti cha usekretari. Aliijua kwa sikio. Ikikohoa kidogo kwenye mlima, alikuwa amekwisha kujua ni chujio la mazuti au ni maji, na kabla hatujafika garaji alikuwa ametuambia watakachokikuta. Siku ilipokuja kuvutwa, ofisi ilipoletewa magari mawili ya umeme, aliifuata mpaka kwenye geti akasimama pale mpaka ikapotea kwenye barabara ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kisha akarudi, akapewa ufunguo mpya, akasema asante.

Yule fundi aliyekuja kutufundisha aliongea Kifaransa cha haraka. Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno. Mkurugenzi alinipa kitabu cha maelezo nikifupishe kwa ukurasa mmoja, nikakifupisha, nikaufunika ukurasa kwa plastiki, nikauweka ndani ya gari. Nilijiona nimemsaidia. Nyumbani kwetu baba yangu, aliyetoka Kasai na vitabu kwapani, alitufundisha kwamba mtu anayeandika vizuri amemaliza nusu ya kazi ya wenzake.

Miezi miwili baadaye tulitumwa mji wa Likasi kupeleka barua na kurudi na nyingine. Mimi nilikaa nyuma. Tulipokuwa tunarudi niliomba tusimame kando ya barabara, palipokuwa na mama mmoja anauza uyoga. Mzee alishuka pia, akachukua kitambaa, akafuta vumbi mbele ya gari, pale linapochomekwa waya wa umeme. Tulipoingia tena, gari lilikataa kwenda.

Alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Maandishi mekundu yalitokea kwenye kioo kidogo kilicho mbele yake, nyuma ya usukani, na kila alipojaribu yalirudi. Akashuka, akatazama matairi, akafungua boneti, akaifunga. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Nilimuuliza gari linasema nini. Akanijibu kwamba batri imechoka.

Lakini hata mimi nyuma niliona batri ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Nikashuka, nikakaa kiti cha mbele. Maneno yalikuwa manne tu: *Trappe de charge ouverte*. Kile kifuniko cha mahali pa kuchomeka waya kilikuwa wazi. Alikuwa amekifungua apanguse vumbi, akasahau. Nilikwenda nikakisukuma, kikalia ta! na gari likaondoka bila sauti kama kawaida yake.

Nilishika uyoga wangu mapajani. Tulipita vijiji viwili, tukapita wauza makaa na magunia yao yaliyopangwa, tukapita malori ya shaba yaliyosimama kwa foleni. Baada ya kituo cha kulipia barabara ndipo aliposema, akiangalia mbele:

"Mama, bile gari inaandika, miye sijue kubisoma. Hata kimoja."

Kumbe yale maandishi ya kioo hakuweza kuyasoma, hata neno moja. Nilikumbuka barua zote nilizompa mkononi nikimwambia, Papa, angalia anwani pale juu. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akimwuliza mlinzi, kama mtu anayetaka mazungumzo tu, hii ni ya wapi. Nilikumbuka ukurasa wangu wenye plastiki.

Akaniambia kwamba jeep haikumsumbua kwa sababu ilikuwa na taa na sindano za vipimo, na tarakimu alizijua. Hili jipya linaongea kwa sentensi. Kila asubuhi alikuwa akiliwasha na kuomba Mungu lisiandike kitu. Akaniomba nisimwambie mkurugenzi. Nikakubali, nikamwambia tutajifunza saa ya mapumziko, sisi wawili, ndani ya gari lenyewe.

Siku ya kwanza nilileta kitabu cha watoto wangu chenye picha za kuku na mpira. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakirudisha kwa adabu. Kisha akatoa mfukoni daftari dogo na kalamu, akaniomba nimnakilie yale maneno manne ya siku ile. Niliyaandika upande wa kushoto wa ukurasa. Akaliweka daftari gotini, akaanza kuandika mwenyewe kutoka upande wa kulia, haraka, bila kusita, mkono wake ukielekea kwenye maandishi yangu.

Niliona michoro tu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu, ni nini hicho. Akasoma kwa kidole: mulango ya umeme iko wazi.

Zilikuwa herufi za Kiarabu, na maneno yalikuwa Kiswahili chetu. Baba yake, mfanyabiashara wa Kasongo kule Maniema, alimpeleka chuo cha Kurani akiwa mdogo sana, akaimaliza yote. Shule ya mapadri ilikuwa karibu, lakini baba aliogopa mtoto atabatizwa, akakataa. Baadaye akaja Lubumbashi kutafuta kazi, na siku ya kuandikishwa walimuuliza kama amesoma, akajibu ndiyo.

"Sikusema bongo, mama, sikudanganya. Niliulizwa kama nilisoma, na nilisomaka. Hawakuniuliza nilisomaka nini."

Nilirudi mezani kwangu. Sisi watu wa Kasai huwa tunawaita watu wa Maniema wachuuzi, tukicheka. Nilikuwa nimefanya kazi karibu na mtu huyu miaka kumi na moja, na mwanafunzi aliyekuwa hajui herufi za mwenzake mle ndani ya gari hakuwa yeye peke yake.

Tuliendelea. Kila neno la kioo nililinakili kushoto, yeye akaandika maana kulia. Akishajua sauti ya herufi moja alikuwa haisahau, ila Kifaransa kilimkasirisha kwa kuandika herufi kisha kuziacha bila kuzitamka. Alisema huo ni uchoyo.

Halafu ikatoka barua kwamba kila dereva wa gari la umeme atafanya mtihani. Nilimshauri aombe likizo ya ugonjwa. Alikataa.

Siku hiyo aliingia na daftari lake akaliweka mezani. Fundi alilichukua, akaligeuza juu chini, akauliza ni lugha gani. Mzee akasimama akawaeleza mwenyewe, mbele ya mkurugenzi, kwamba hakuwahi kusoma shule yao, na kwamba ameanza mwaka huu kwenye kiti cha gari. Mkurugenzi alifungua na kufunga kalamu yake mara kadhaa. Mwishowe akasema twende uani, asome kwenye gari.

Fundi aliyaleta maonyo kwenye kioo moja baada ya jingine. Mzee alisoma polepole, akatamka *frein*, yaani breki, kama maneno mawili tofauti, fre na ini, kisha akasema maana yake sawasawa na akaonyesha la kufanya. Onyo moja hakulijua. Akasema hajalijua. Walimwachia ufunguo, na fundi akaomba ruhusa ya kupiga picha zile kurasa.

Aliendesha gari lile mpaka alipostaafu. Siku ya mwisho afisa wa wafanyakazi alimwekea faili lake mbele na kumwonyesha pa kutia sahihi, kama alivyomwonyesha kila mwaka. Mzee akaivuta karatasi karibu. Afisa akatazama saa. Mimi nilisimama mlangoni. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikafika kwenye mahali pa kuzaliwa, kikasimama.

"Hapa mumeandika Kongolo," alisema. "Miye niko muntu wa Kasongo."

Afisa alifungua makaratasi ya nyuma, na yote yalisema Kongolo, na yote yalikuwa na sahihi yake chini. Akaomba radhi. Nilikwenda kwenye mashine yangu nikachapa karatasi nyingine. Mzee aliisoma yote, toka juu mpaka chini, ndipo akaomba kalamu.