Dada wa Gavana

Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani yake, fundi huinamia redio na kuitafutia mawimbi mpaka apate habari za ng'ambo ya mpaka. Yeye mwenyewe hupigia kura Tarime, lakini dada yake, aliyeolewa Kenya zamani, anagombea ugavana wa kaunti huko, na hapa Sirari jambo hilo limekuwa utani wa kutwa. Akello, anayejifunza kushona kwake tangu alipomaliza chuo, husikiliza huku akishona vifungo. "Mama, mwanamke wa kuja hapewi kiti," Obura wa bodaboda humwambia akipita. "Watamwambia akaombe kura kwao Tarime!" Fundi hulowesha uzi mdomoni, huutunga kwenye sindano, kisha hujibu kwa sauti ileile ya chini, "Tutasikia," na kuendelea kukanyaga cherehani.

Leo wamesikia. Redio imemtaja dada yake mara mbili, gavana mteule, na fundi amesimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akapiga vigelegele vilivyofika mpaka forodhani. Wauza mitumba wanakuja mbio wakicheza. Obura anapiga honi mfululizo.

"Shikamoo, dada wa gavana!"

"Marahaba. Teremka ucheze!"

Naye anateremka, anacheza na kofia yake ngumu kichwani. Katikati ya kelele hizo Akello anajikaza na kuuliza swali lake la kwanza tangu kampeni zianze: gauni la kuapishwa wataanza kulishona lini?

"Nililimaliza kabla ya kura," fundi anamwambia.