Nukta Tatu za Bibi Namkunda

Usiku ule nililala mapema, kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi. Tasnifu yangu ya udaktari, iliyokaa maktaba miaka minne bila kuazimwa na mtu hata mmoja, hatimaye ilikuwa imegeuka muswada wa kitabu. Mhariri alikuwa amenifanyisha kazi ya punda. Nilifuta sura nzima ya nadharia, nikapunguza tanbihi, nikaacha kuandika "mtafiti alibaini" nikaanza kuandika "niliona". Kilichobaki ni kumtumia asubuhi. Jina la kitabu alilichagua yeye, kutoka humo humo kwenye tasnifu, nami nikalipenda papo hapo: Ndoo Ilivunja Chungu.

Maneno hayo ni ya Bibi Namkunda, kwamba ndoo za dukani ndizo zilizoua kazi ya vyungu. Alikuwa mfinyanzi huko milimani Upare, na nilikaa kwake miezi saba nikitafiti kwa nini wanawake wa kijiji chake waliacha kufinyanga. Aliniita mjukuu, akaniachia nimrekodi kwa saa nyingi. Alifariki mwaka niliohitimu. Sikwenda kumzika, maana wiki ile nilikuwa nahangaika na fundi wa nguo ya mahafali. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi usingizini nikajikuta ofisini kwangu, mchana, jua limejaa dirishani. Bibi Namkunda amekaa kwenye kiti changu. Nilijua amekufa, naye alijua kwamba najua. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, na mtu mzima asipoitikia shikamoo ujue kuna jambo. Mikono yake ilikuwa na udongo mbichi hadi kwenye viwiko. Mbele yake ilikuwa tasnifu yangu, ile yenye jalada gumu jeusi.

Bibi Namkunda hakujua kusoma. Lakini anaifungua, anasoma kwa sauti, na sauti inayomtoka ni yangu mimi. Ni ile sauti yangu ya siku ya kuitetea tasnifu mbele ya jopo, nyembamba, ya kujikweza. Midomo yake inakwenda polepole, sauti yangu inakwenda haraka, haviendani. Nikatamani aache. Kidole chake kinafuata mistari kikiacha tope, mpaka kinafika kwenye nukuu ile aliyoipenda mhariri: "… ndoo ndiyo iliyovunja chungu …" Hapo sauti yangu ikakatika, akazungumza kwa yake.

"Hapa palikuwa na maneno yangu, mjukuu. Umeyaweka wapi?"

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba zile nukta tatu ni utaratibu wa kitaaluma. Mtu akisema mengi, mwandishi huchukua yanayohusu hoja, mengine huyaacha. Nilijisikia nikisema, nikajichukia. Yeye anabonyeza kidole juu ya zile nukta, karatasi inalowa, na kidole kinazama chote.

Hatuko ofisini tena. Tuko kwenye machimbo ya udongo, chini ya mlima. Enzi za utafiti nilipaona kwa mbali tu, pamefukiwa na majani yameota, na kila nilipoomba kupelekwa nilipewa udhuru. Sasa pako wazi. Wanawake vijana wanaingia na vikapu, wananipita bila kuniona. Mmoja wao ni Bibi Namkunda akiwa msichana, na papo hapo yuko ubavuni mwangu, mzee, amenishika mkono kwa mkono wa baridi. Tukawahesabu pamoja. Waliingia saba. Wametoka sita.

Mvua inanyesha. Udongo ukashuka taratibu, bila kishindo, kama uji unavyomwagika, na mdomo wa shimo ukafungika. Wanaume wakaja na majembe, nikamshukuru Mungu, nikadhani wanafukua. Wanafukia. Mkubwa wao anasema mlima utawaangukia wote wakichelewa. Hakuna anayelia. Chini ya miguu yangu nasikia mtu anagonga, kwa subira, kama mgeni anayebisha hodi. Nikapiga magoti nikachimba kwa mikono, lakini ninachotoa ni karatasi, kurasa za tasnifu yangu, zimelowa na kushikana, hazina mwisho. Nikamuuliza bibi ni nani aliyeko chini.

"Nilikutajia jina lake. Hukusikiliza."

Tuko uani kwake. Eliwaza, yule mama aliyelelewa na bibi na aliyenipikia miezi yote saba, amesimama akiangalia njia ya kuteremkia mjini. Ana kimo cha mtoto wa miaka mitatu, lakini uso ni huu huu ninaoujua, wa mama mtu mzima, na haupepesi macho. Nikaogopa kumkaribia. Bibi akaniinamia sikioni.

"Wageni tuliwaambia ndoo. Huyu tulimwambia mama yake amekimbilia Tanga na mwanamume. Wewe nilikuambia kweli, ukaandika ya wageni."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Sikunawa hata uso, nikafungua kompyuta na kuitafuta kanda yenye nukuu ile. Kijana niliyemlipa aziweke kanda kwenye maandishi alikuwa ameandika pale kwenye mabano: anaongea mambo ya familia. Nami, kwa haraka zangu, nikaweka nukta tatu. Sikuwahi kuisikiliza mwenyewe.

Bibi anasema kwa Kiswahili, "Wageni tunawaambia ndoo ndiyo iliyovunja chungu." Halafu anahamia Kipare. Kipare changu ni cha kubabaisha, lakini hicho nilikielewa. Anamtaja Nakiete, mama yake Eliwaza, aliyefukiwa na udongo, na wanawake walioapa kutochimba tena. Anasema, "Mwandike, mjukuu, binti yake ajue hakutupwa. Mimi nimeshindwa kumwambia." Kisha inasikika sauti yangu, changamfu kabisa: "Asante, bibi. Tuendelee na swali la saba."

Nililia kama mtoto. Habari ya Tanga haimo kwenye kanda. Niliirudia yote mara tatu.

Muswada sikuutuma. Jua lilipotoka nilimpigia Eliwaza, nikikusudia kumwambia tu kwamba nakuja, mengine tuyaongee ana kwa ana. Alifurahi kunisikia. Akauliza kitabu kimefika wapi, na kwa utani akauliza kama na yeye yumo. Ulimi ukaniteleza, nikamwambia wamo wote wawili, yeye na mama yake.

Eliwaza akauliza, kwa sauti ndogo:

"Kwani ulimwona huko Tanga?"