Wufa Tatu na Masikio ya Baba Mkwe

Nimefunga redio na spika za magari hapa Machakos mjini kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nilikuwa na jibu moja kwa kila mteja aliyerudi na wufa, ile spika kubwa ya besi, ikiwa imeungua: "Umeipiga sana." Mteja akibisha, napandisha sauti. Hasira zangu ziko karibu. Mke wangu husema naziweka mfukoni pamoja na bisibisi. Wateja waliondoka kimya, nami nikadhani nimeshinda, kumbe walikuwa wanaenda kwa fundi mwingine.

Baba mkwe hakuweza kwenda kwa fundi mwingine. Habari yenyewe ni hiyo, na siisimulii nikiwa nimeinua uso.

Mzee ni mkulima kule Ndithini, na tangu ujana wake ameimba besi katika kwaya ya kanisa. Si besi ya mchezo. Ukikaa naye benchi moja, unaisikia kwenye mbao. Kwaya yao iliporekodi nyimbo, mtu akamwekea kwenye flashi, naye akawa anazisikiliza kwenye pikapu yake akipeleka ndengu sokoni. Shida ni kwamba spika ndogo za mlangoni hazikutoa besi. Soprano alisikia, teno alisikia, lakini sauti yake mwenyewe haikuwepo. Akamwambia binti yake, na binti yake akaniambia mimi, kwa sababu kwetu Ukambani mkwe hamwombi mkwe kitu uso kwa uso. Kuna nthoni. Neno hilo la Kikamba ni aibu na ni heshima ya wakwe, yote mawili kwa pamoja: hamkaribiani ovyo, hamtaniani, hamkosoani.

Nilifurahi kweli kuombwa. Nikamfungia wufa nzuri nyuma ya kiti, na ampu yake, kile kisanduku cha kuikuzia sauti. Sasa, kwenye ampu kuna kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, tunakiita geini. Mtindo wetu mafundi wa mjini ni kuifungua geini mpaka mwisho. Mteja akiwa bado gereji vioo vinatetemeka, kifua kinatetemeka, anatoa meno yote nje, anaenda kuwaambia wenzake. Hakuna aliyewahi kunifundisha kile kitufe ni cha nini hasa. Niliamini ni nguvu, na nani anakataa nguvu?

Mzee akaketi, akainamisha kichwa, akasikiliza wimbo mzima.

"Ni nzuri, muthoni wangu," akasema. Muthoni ni mkwe. "Lakini naona inakwaruza kidogo."

"Ni mpya, baba. Italainika."

Uongo mtupu! Niliusema bila kufikiri, kama muuza viatu anavyosema vitapanuka.

Haikulainika, iliungua. Nilipofungua mlango wa pikapu, harufu ya koili, ule waya uliosokotwa ndani ya wufa, ikanipokea imeungua. Nikaweka wufa nyingine. Nikabadilisha fyuzi, nikakaza waya wa ethi unaoshikana na bodi ya gari, nikapima betri, nikalaumu vumbi la Ndithini na mashimo ya barabara. Geini sikuigusa. Mzee akasikiliza tena, na safari hii alisema kwa upole zaidi, macho yake kwenye usukani: "Bado inakwaruza, ama ni mimi?"

Lilikuwa swali. Fundi anayejua kazi yake angelipokea swali hilo kwa mikono miwili. Mimi nikamwambia iko sawa, nikafunga mlango.

Ya pili ikaungua Desemba. Siku ya Krismasi tulikuwa kwake familia nzima, tunakula. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaniuliza mbele ya watu ni kwa nini wufa za mzee haziishi. Alikuwa ananitania tu, na mashemeji wana ruhusa ya kutaniana. Lakini niliona macho yote yamenigeukia, damu ikanipanda. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Kwa nthoni, singeweza kumwambia neno baya. Basi nikamwambia shemeji, kwa sauti ya kumfikia mzee:

"Wufa zina kosa gani? Mtu masikio yakizeeka, anafungulia sauti mpaka moto uwake. Huyo hata umfungie spika za uwanja wa mpira, hasikii!"

Watu wakacheka. Haki ya Mungu, mimi pia nilicheka. Mzee aliendelea kutafuna, halafu akainuka, akasema anaenda kuangalia mbuzi.

Ya tatu niliiweka Januari na Februari ikaungua. Mzee akampigia binti yake simu: nije nitoe vyombo vyote, na nisijisumbue tena, kosa si langu, ni masikio yake. Nilipoenda kuvitoa alinishukuru, akanipa mfuko wa ndengu kwa usumbufu nilioupata. Nami nikaupokea. Mungu wangu, nikaupokea!

Siku chache kabla ya Pasaka mke wangu alirudi kutoka kwao amenuna.

"Baba ameacha kwaya," akasema. "Anadai anawaharibia wenzake wimbo bila kujua, na kwamba wanamficha kwa heshima. Mwalimu wa kwaya amembembeleza, wapi!" Akaweka mkoba chini. "Na yale maneno yako ya Krismasi, anayarudia yote kama yalivyo."

Nikamjibu kwamba mwenye masikio ndiye anayeyajua masikio yake, nikatoka kwenda kazini. Njiani moyo ulikuwa mzito lakini niliuambia unyamaze.

Wiki moja baada ya Pasaka nilikuwa nimemfungia wufa mama mmoja anayeuza nyanya sokoni. Akaketi kwenye gari lake, akasikiliza nusu dakika.

"Fundi, hii kitu inakwaruza."

"Ni mpya, mama. Italainika."

"Italainika, kwani ni maharagwe? Punguza hapo, ama nipunguze mwenyewe!"

Kati yangu na yeye hakukuwa na nthoni yoyote. Nikairudisha geini nyuma karibu nusu, nia yangu ikiwa kumwaibisha, asikie jinsi besi itakavyokufa. Mkwaruzo ukaisha. Besi ikatoka nene na safi, bila kupungua chochote. "Umeona?" akasema, akawasha gari akaenda zake.

Nilibaki nimesimama na bisibisi mkononi. Kisha nikaenda kwenye sanduku la wufa zilizokufa, nikapasua zile tatu za mzee. Koili zote zilikuwa nyeusi pande zote, zimeiva kwa joto. Geini ikifunguliwa mno, ampu hulazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na wufa inapokea joto badala ya muziki. Ule mkwaruzo ndio sauti ya kukatika. Mzee aliusikia siku ya kwanza, kabla ya harufu, kabla ya moshi. Katika kazi ile yote, chombo kimoja tu cha kupimia ndicho kilichofanya kazi, nacho kilikuwa masikio yake, na mimi nikamwambia kimeharibika.

Kwa desturi, ukimkosea mkwe unaenda na mtu wa kukusemea. Nikampigia shemeji.

"Aka!" akasema. "Ulinitumia kumtukana baba. Kumwomba msamaha, jitume mwenyewe."

Nilimkuta mzee uani anapepeta ndengu. Kwa woga wangu nikaanza na kazi, nikaomba ruhusa ya kufunga wufa tena. Akakubali, nadhani kwa sababu kukataa kungekuwa kunivunjia heshima. Nilipomaliza nyaya nikawasha wimbo, mzee akaketi kwenye usukani, nami nikalala sakafuni nyuma ya kiti, bisibisi kwenye ampu.

"Baba, nisaidie. Nitazungusha polepole. Ukisikia inakwaruza, useme."

"Mimi? Na masikio haya?"

"Hayo hayo, baba."

Nikazungusha. Sikuwa nimesikia kitu alipoinua kidole. "Hapo." Nikaongeza kidogo, nami nikausikia. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu aliinua kidole pale pale.

"Masikio yako ni mazima," nikasema. Uso wangu ulikuwa chini, na sikuwa na ujasiri wa kuuinua. "Wufa zote tatu niliziunguza mimi. Uliniambia siku ya kwanza, nikakudanganya. Na Krismasi nilijificha nyuma ya shemeji nikakuaibisha mbele ya watoto wako. Nisamehe, baba."

Mzee akatoa simu mfukoni. Akanipa niichomeke kwenye redio.

"Kuna wimbo waliurekodi Pasaka," akasema. "Sijaweza kuusikiliza."

Wufa ilikuwa safi, kwa hivyo nilisikia kila kitu: soprano, alto, teno, na chini yao besi mbili za vijana, nyembamba, zinatafutana. Kiitikio kikaanza.

"Hapa ndipo ningeingia," mzee akasema, bila hasira yoyote.

Kiitikio kiliporudi, akaingia. Aliimba polepole, akijipima, na sakafu ya pikapu ikatetemeka kwenye shavu langu. Mimi nilibaki pale chini, nikikaza nati iliyokuwa imekazwa kitambo.