Mlango wa Mjerumani

Baba alipozikwa, picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake cha mpiga kura. Wee! Macho yamemtoka, shingo imekakamaa, ungedhani ni mtu anayetafutwa na polisi. Mama alifuata jeneza lile mpaka makaburini bila kuitazama, na tuliporudi, watu hata hawajanawa mikono, akatuambia sisi wanawe wawili: "Mimi msinizike na sura ya namna ile. Nipigeni picha ya maana nikiwa bado napumua."

Sasa, kaka yangu ni mpiga picha. Anaishi Dar, ana kamera yenye lenzi kubwa kama mtwangio, na akiongea juu ya kazi yake utadhani anasomea upadri. Basi tukaona jambo limekwisha. Alipokuja likizo Kasulu akatangaza kwamba atatupeleka Kigoma mjini, kwenye majengo ya Mjerumani kule ufukweni, tutembee kutwa nzima, na Mama apigwe picha yake ziwa likiwa nyuma. Mama alifurahi mno. Akakitoa kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisani, akakipiga pasi ya mkaa mpaka kikawa kinang'aa, na njia nzima ya kuteremka Kigoma hakuegemea kiti asije akakikunja.

Tulipofika, kaka akaanza na ngazi. Ngazi! Halafu dirisha bovu. Halafu kutu. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, amelala kifudifudi kwenye vumbi anapiga picha bawaba ya mlango, eti ina hadithi. Mjerumani mwenyewe aliyewachapa viboko babu zetu hakuwahi kuipenda nyumba yake kiasi kile. Wapita njia wanamruka, yeye anatuambia tusogee tusimzibie.

"Yewe mwana wanje," Mama akamwita mwanawe kwa Kiha, kwa upole, "na mimi je?"

"Mama, jua bado kali. Utatoka mweusi."

"Kwani mimi ni mweupe?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kaka hakucheka, alikuwa anabadilisha lenzi.

Mchana tukala ugali wa muhogo na migebuka ya kuchemsha. Mama hakugusa mchuzi, akiogopa tone moja lisije likaharibu kitenge. Alikula ndizi tu, akafuta midomo, akakaa wima anamtazama mwanawe. Kaka alikuwa anaipiga picha sahani yake, samaki anapoa.

Alasiri tukafika kwenye bohari moja kuukuu karibu na maji. Lina mlango wa mbao mzito, na upepo wa ziwa ulikuwa unaufunga kila ukifunguliwa. Kaka akachanganyikiwa kwa furaha. Anarudi nyuma, anakuja mbele, anachuchumaa, mlango unajifunga. Ndipo akasema, "Mama, njoo unishikie hapa. Ila jifiche nyuma, usionekane."

Mama na kitenge chake cha kanisani akaenda nyuma ya mlango, akaushika. Nikamwambia anipishe mimi. Akakataa: "Mwache amalize, zamu inayofuata ni yangu." Nikatoa simu yangu nimpige hata hapohapo, akanisukuma mkono. "Ya simu ikikuzwa inatoka ukungu kama ya baba yenu. Mwanangu ana ile kubwa."

Alisimama pale mpaka jua likaanza kushuka. Kaka alipomaliza, akatazama kamera, akatikisa kichwa.

"Betri imekata, Mama. Nikija Krismasi nitakupiga vizuri, hapohapo nyumbani."

"Haya, mwanangu," Mama akasema.

Mimi nilitaka kumpiga kofi, na umri wangu huu. Tukapanda gari, na safari hiyo Mama akaegemea kiti kama mtu yeyote. Usiku ule nyumbani kaka akatuonyesha kazi yake kwenye kompyuta, milango mitupu, mlango baada ya mlango. Mama akazitazama zote kwa adabu. "Kumbe mtanizika na mlango," akasema, akacheka.

Krismasi kaka hakuja. Kazi zimembana, eti ana harusi za watu. Nikamwambia Mama twende studio pale mjini tumalize mambo. Akanikatalia katakata: "Mwanangu ameniahidi. Nikipigwa na mwingine atajisikia vibaya." Pasaka haikumkuta.

Kwa hiyo Mama yangu naye alitanguliwa na picha ya kitambulisho cha mpiga kura. Ukungu uleule, macho yamemtoka vilevile, na binti yangu ndiye aliyeibeba. Kaka alilia kwa sauti kubwa mpaka wanawake wa kanisani, wamevaa vitenge vilevile, wakamshika huku na huku: pole baba, pole. Mimi sikumpa pole yoyote.

Baada ya mazishi nikamkuta nyuma ya nyumba, ameinamia simu, anazipitia picha za siku ile ya Kigoma.

"Hayupo," akasema. "Hayupo hata kwenye moja."

"Tafuta ule mlango wa bohari uliowarushia watu mtandaoni," nikamwambia.

Akautafuta. Nikamwonyesha pembeni, kwenye ukingo wa ubao, vidole vinne, kimoja kimepindishwa na jembe. Akavikuza mpaka vikajaa kioo. Chini yake kulikuwa na sifa za watu, moto moto, hongera mkuu, na mmoja alikuwa ameuliza: hivyo vidole ni vya nani? Kaka alikuwa amemjibu siku ileile. Akaliona jibu lake, akataka kuizima simu. Nikamshika mkono.

"Soma," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akasoma. "Ni mama mmoja tu wa pale."