Eda Katika Mwezi wa Usajili

Mume wangu alifariki wiki ileile klabu yangu ilipofungua kambi ya maandalizi ya msimu mpya. Nalitaja jambo hili kwanza kwa sababu ndivyo lilivyonikaa moyoni. Nililia kama mtu yeyote aliyefiwa, halafu, kabla hata hitima haijasomwa, nikaanza kumkasirikia marehemu kwa kufa mwezi wa usajili. Alikuwa fundi wa kuchomelea pale Nangurukuru, mtu mpole, na homa ilimchukua ndani ya siku chache. Yeye ndiye aliyekuwa akinisindikiza stendi kila msimu, begi langu begani kwake, akiwatambia makondakta kwamba wanambeba mfungaji.

Nilikuwa mshambuliaji. Anayelipwa kwa kufunga mabao husahaulika upesi kuliko kipa au beki, na mimi nilikuwa nimeshavuka umri wa kusubiriwa. Mkataba wangu na klabu ya Dar es Salaam ulikuwa umekwisha. Ili nipate mpya ilibidi niende nikapimwe afya, nikimbizwe uwanjani, nitie saini kabla dirisha la usajili halijafungwa. Badala yake nilikuwa nimekaa eda nyumbani kwa mama mkwe, Kilwa Masoko, miezi minne na siku kumi, ndani ya shuka nyeupe, bila manukato, bila wanja, bila kuvuka kizingiti.

Eda yenyewe sikuibishia. Kwetu Kilangala nimewaona shangazi zangu wakiikaa, na nilijua zamu yangu ikifika nitaikaa. Niliyekuwa nagombana naye ni mwili wangu. Siku moja nilijaribu kurukaruka uani ili nichangamshe misuli. Wanawake waliokuja kuhani kutoka Songo Mnara walitoka wote ukumbini wakanitazama mpaka nikaacha. Mmoja wao akaniambia, kwa upole kabisa, "Kaburi bado bichi, mwenzetu, nawe waruka?"

Sikuruka tena. Nilikaa mkekani nikiyatazama mapaja yangu yakilegea, na niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa beki yeyote.

Kocha alipopiga simu sikuruhusiwa kuzungumza naye. Katika nyumba ile mjane hakutakiwa kusikika sauti yake na mwanamume asiye maharimu wake. Mama mkwe ndiye aliyeishika simu, akawa ananifikishia maneno, ingawa simu yake ilikuwa na sauti kubwa na nilikuwa nimeshasikia kila kitu.

"Anauliza, paja lako la kushoto limepona?"

"Mwambie limepona, mama."

"Limepona," akasema, uso ameukunja. Hakuwahi kudhani iko siku atalizungumzia paja la mkwewe na mwanamume wa Dar. "Ila mwenyewe yumo edani. Kwani hilo goli lenu litahama?"

"Goli halihami, mama," kocha akajibu. "Lakini ninaye binti mwingine hapa, naye analitaka."

Nikamwomba mama mkwe akamuulize shekhe. Alirudi na jibu jema: mjane asiye na wa kumlisha anaweza kutoka mchana kutafuta riziki, mradi usiku alale katika nyumba ya eda. Nilifurahi mpaka nilipoanza kuipigia hesabu ile safari. Basi hadi Nangurukuru, kisha Dar, vipimo, mazoezi, na kurudi kulala Masoko siku hiyohiyo, hata kwa gari la mkuu wa mkoa isingewezekana. Ruhusa nilikuwa nayo na haikunifaa kitu. Nililia mbele ya wageni bila kujificha. Wakanipapasa mgongo wakiniambia nimwombee dua marehemu, kumbe mimi siku ile nilikuwa naililia jezi.

Mama mkwe alijua. Asubuhi alivaa baibui, akasimama mlangoni.

"Mie sina eda," akasema. "Nitakwenda mie."

Mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe akapanda basi kwenda kumwombea mkwewe nafasi ya kucheza mpira, mchezo ambao siku zote aliuita kukimbia uchi. Siku mbili zile sikula kitu cha maana. Kila nikiswali nilijikuta namwombea kocha awe katika hali nzuri.

Alirudi kesho yake alasiri, wageni hawapo. Nikampa maji. Akanywa, akavua viatu, ndipo akaanza.

"Kocha wako ana adabu, kanipa kiti. Nikamwambia msubirini, ni mtoto mzuri, ana heshima. Akaniambia, mama, heshima yake naijua, nataka kujua mbio zake. Akasema, 'Niambie kweli, bado anakimbia? Ukisema ndiyo, fomu nitamtumia atie saini hukohuko, na nafasi yake nitaiweka mpaka atoke eda.'"

Nikamsogelea. "Ukamjibu nini, mama?"

"Ningemjibu nini? Miaka yote hiyo sijapata kukuona ukicheza. Nikamwambia nitampigia nikifika nyumbani." Akaitoa simu katika mkoba, akaishika mkononi. "Hebu nikuone."

Nilijifunga shuka kiunoni. Uani kwake kulikuwa na nafasi ndogo, kutoka jikoni hadi ukuta wa choo, mchanga mtupu. Nikakimbia nikageuka, nikakimbia tena. Ile mara ya kwanza nilijisikia mwenyewe kabisa, nikataka kucheka. Mara ya tatu paja la kushoto likavuta, pumzi ikakata, nikaushika ukuta wa choo nikihema kinywa wazi. Nilitaka kumwambia anipe wiki mbili tu, nikanywe uji, nikafanye mazoezi, wiki mbili. Maneno hayakupata hewa ya kutokea.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kusema uongo, sembuse na msiba wa mwanawe ungali ndani. Alinitazama mpaka nilipotulia. Kisha akaiweka simu mkekani, kifudifudi.

"Njoo ukae, mwanangu," akasema.

Nikaenda nikakaa.